Kibao Kipya cha Gari la Dispensari

Kila mtu pale dispensari alitaka saa za gari zitengenezwe, isipokuwa mimi na mume wangu. Siku Bibi Daktari alipotangaza kwenye sala ya asubuhi kwamba amepata kibao kingine huko Changamwe, wenzangu walishukuru kwa sauti, nami nikaitikia Amina ya mdomoni tu. Moyoni nilikuwa naomba kibao hicho kiibwe, kipasuke, kipotelee njiani, vyovyote iwavyo, mradi kisifike mbele ya macho ya mume wangu.

Macho yake ndiyo yaliyonikosesha raha. Yalikuwa yanazimika, na watu waliojua hayo duniani tulikuwa wawili.

Ilikuwa wakati wa vita, vile vya pili vya dunia. Dispensari yetu ilikuwa Kisauni, ndani ndani, njia ya kwendea Mishomoroni, ambako siku hizo ulipita minazi na mihogo mpaka ukajiuliza kama kuna watu. Mwenye dispensari alikuwa mmisionari wa makamo, mwanamke mrefu mwenye haraka na Kiswahili cha kitabuni, na sote tulimwita Bibi Daktari. Mimi nilimsaidia kuzalisha na kufunga vidonda. Mume wangu aliendesha gari, na gari lilikuwa hilo hilo moja. Kazi yake ilikuwa kuvusha wagonjwa waliotushinda, hasa wanawake waliokwama katika uzazi, kuwapeleka hospitali kubwa kisiwani, mjini, ng'ambo ya daraja. Mimi hukaa nyuma na mgonjwa, Bibi Daktari mbele, mume wangu kwenye usukani. Chumba tulichoishi kilikuwa nyuma ya dispensari, na kilikuja na usukani huo. Ukiondoka usukani, na chumba kinaondoka.

Nyuma ya usukani palikuwa na kibao cha bati kilichobeba saa za gari. Madereva waliziita saa ingawa hapakuwa na hata moja iliyomwambia mtu muda wa kula. Katikati ilikuwapo kubwa, ya maili, na pembeni ndogo nne, mbili huku na mbili huku: ya petroli, ya moto wa injini, ya oili na ya chaji ya betri. Hewa ya chumvi na mashimo ya barabara yetu vilizimaliza moja baada ya moja. Ya maili ilitangulia, mshale wake ukalala chini kabisa usiinuke tena. Ya petroli ikashikilia kwamba tangi limejaa hata siku tuliyosukuma gari. Mwisho vioo vyote vikaingia ukungu kwa ndani, kibao kizima kikawa pambo. Spea hazikupatikana. Meli zilikuwa zinaleta mizinga.

Basi mume wangu akaendesha bila saa. Kila asubuhi alitumbukiza ufito wa mwanzi ndani ya tangi, akautoa na kuupapasa kwa kidole ajue petroli imefikia wapi. Moto wa injini aliupima kwa kiganja juu ya boneti, na mwendo aliujua kwa mlio. Watu walimpenda kwa hilo. Wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye mabenchi waliwasimulia wageni habari za dereva anayeendesha kwa masikio, na Bibi Daktari mwenyewe alijisifu naye mbele ya Wazungu wenzake. Mume wangu hutabasamu na kuinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nikisikia sifa hizo naondoka, nakwenda kuosha chupa ambazo nilikwisha kuziosha, kwa sababu nilijua anapapasa kwa kuwa ndiyo njia iliyombakia.

Nilimgundua kwenye sala ya jioni nyumbani. Alikuwa na desturi ya kutusomea zaburi kabla ya kulala, mimi na watoto, na kwa muda mrefu sikugundua lolote. Kisha jioni moja nikaona hafunui ukurasa. Alikuwa ameshika Biblia wazi, sauti yake inakwenda vizuri tu, zaburi ndefu, na kidole kimetulia mahali pamoja. Nikanyoosha shingo nikatazama. Palikuwa ni katikati ya Mambo ya Walawi.

Nilimbana watoto walipolala. Kwanza alikasirika, akasema taa ina moshi. Kisha akakubali kwamba anaona kama anayetazama kupitia chandarua, na kwamba jua likiwa kali chandarua kinakuwa kizito zaidi. Vitu vya mbali alikuwa bado anavipata, mti, nyumba, lori. Vya karibu, herufi na namba na uso wa saa, vimekwenda. Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda kwa Bibi Daktari. Akanikumbusha baba yake kule Rabai, aliyepofuka akiwa bado na nguvu za jembe, akamalizia miaka yake ameketishwa kivulini, na kivuli kikihama wajukuu wanamwinua na kumhamisha.

"Mimi sihamishwi kivuli, mama watoto," akaniambia. "Ukifungua mdomo wako, narudi Rabai peke yangu."

Alimaanisha. Mimi ni mtu wa hasira, na usiku ule nilimwita majina ambayo si ya kurudia, lakini mdomo sikuufungua. Nilifanya nini? Nikageuka macho yake. Nilikuwa nakaa nyuma yake, nikitazama barabara juu ya bega lake, na kila nilipoona kitu nilimwambia kwa Kirabai kwa sauti ya mtu anayepiga soga. Mwanamke na mtungi, kushoto. Baiskeli ya madafu, inayumba. Mbuzi. Bibi Daktari alijua Kiswahili, Kirabai hakukijua, na safari moja aligeuka akatuambia inampendeza kuona mume na mke ambao bado wana mengi ya kuambiana. Nilicheka. Mbavu ziliniuma kwa woga na nikacheka.

Sitasema nilikuwa shujaa. Nilikuwa na mwanamke analia kwa uchungu, ameukaza mkono wangu mpaka vidole vimekufa ganzi, na badala ya kumtazama yeye natazama njia. Nilimwogopea mume wangu, niliwaogopea wale wanawake, nikaogopa kwamba iko siku nitapiga chafya wakati mtoto anakatiza barabara. Kitu kimoja tu kilinipa nafuu: saa zilikuwa zimekufa. Hakuna mtu anayemuuliza dereva saa iliyokufa inasema nini.

Kisha gari likachemka. Tulikuwa tunarudi kutoka kisiwani, jua la mchana, gari tupu kwa bahati, na rejeta ikatoa mvuke mpaka hatukuona mbele. Mume wangu alisema ni mpira wa maji, na kweli ulikuwa mpira wa maji, lakini Bibi Daktari alisimama kando ya njia na kofia yake kubwa, akasema kwamba angekuwapo mama wa uzazi ndani ya gari, tungefanyaje? Saa ya moto ingekuwa hai, ingetuonya mapema. Wiki hiyo hiyo aliuliza huku na huku, akasikia habari za fundi mmoja wa Changamwe, Mkamba aliyetoka jeshini, ambaye alikuwa na mabaki ya gari la askari lililopinduka. Kibao chake kilikuwa kizima. Hakikuwa cha aina ya gari letu, ila fundi aliapa kwamba kwa tupa na subira kitaingia.

Tulilipeleka gari pamoja, mimi na mume wangu. Bibi Daktari nilimdanganya kwamba nina dada yangu Changamwe ananisubiri. Nilikuwa na shabaha yangu. Mume wangu alikuwa bado anaweza kutambua mshale umelala upande gani, akikikaribia kioo, kama tofauti ya cheupe na cheusi. Alichokosa ni kujua saa ipi ni ipi. Kibao cha zamani alikijua kwa moyo. Hiki kipya mpangilio wake ulikuwa mwingine, na mimi nilitaka kuusoma na kumfundisha kabla hajaulizwa.

Karakana ya fundi ilikuwa banda la makuti, chini ya mwinuko wa reli. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayefanya kazi huku akivuma nyimbo za kanisani, na alipenda sana kueleza. Kibao tulikikuta juu ya benchi, kimelazwa kifudifudi juu ya gunia ili vioo visikwaruzwe. Mgongo ulikuwa wazi, nyaya zimechomoza, na mirija miwili myembamba ya shaba imejikunja pembeni. Fundi alikuwa analehemu. Nikamsifu, na sifa zilimwingia vizuri, kisha nikamuuliza nini ni nini, kwa kuwa sisi wanawake hatujui mambo haya.

Akanionyesha kwa ncha ya chuma cha kulehemu, akianzia kushoto kwangu. Hapa petroli. Hapa moto wa injini. Kubwa ya katikati, maili, kama kawaida. Hapa oili. Na huku mwisho, chaji. Nikamwomba akigeuze nione uso wake. Alikataa kwa upole, akasema kioo kimoja amekibandika upya na gundi haijashika. Sikusisitiza. Nilikuwa nimepata nilichokijia: petroli, moto, maili, oili, chaji, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilirudia maneno hayo ndani ya basi njia nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nyumbani nilichukua ungo, nikaupangia vifuu vinne vidogo na kimoja kikubwa katikati. Mishale ilikuwa vijiti vya ufagio wa chelewa. Jioni watoto wakishatoka kucheza, nilifunga mlango, nikamketisha mume wangu kwenye kigoda na kumwekea ungo mbele yake. Nilikuwa mwalimu mbaya, nakiri. Sikuwa na subira hata chembe. Nilimuuliza moto uko wapi, akasita, nikampiga kofi mkononi.

"Wa pili kutoka kushoto," nikamwambia. "Wa pili. Sema."

"Wa pili kutoka kushoto."

"Na mshale ukipanda?"

"Gari lina moto, nasimamisha."

Kwanza aliona aibu, mtu mzima kukalishwa mbele ya vifuu, na siku ya kwanza aliuinua ungo akautupa pembeni. Kisha akaupenda mchezo. Ikawa yeye ndiye anayenikumbusha. Nilimwona akiwa uani peke yake, anagusa hewa kwa kidole, kushoto kwenda kulia, midomo inacheza. Nilimhurumia mpaka nikaingia ndani. Siku ile niliamini kweli kwamba tutapita. Nilijiambia, miezi michache tu, vita viishe, watoto wakue kidogo, kisha tutajua la kufanya. Woga ukikaa sana ndani ya mtu unamfundisha kujipigia hesabu za namna hiyo.

Nilitegemea kwamba mimi na mume wangu tutakwenda kulichukua gari peke yetu. Lakini asubuhi ile Bibi Daktari alitokea na kofia yake na miwani ya jua, akasema na yeye anakwenda, anataka kuiona kazi ya fundi kwa macho yake, na kwa kuwa kuna sanduku la dawa la kupokea stesheni, mimi niwafuate nikalishike. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anafunga kifungo cha shati ambacho kilikwisha fungwa.

Fundi alikuwa amelisugua gari mpaka likang'aa. Alimketisha mume wangu kwenye usukani na kumwambia atazame. Mume wangu akainama, akakaa hivyo kitambo cha heshima, akasema safi sana, kama jipya. Mimi nilijaribu kusogea dirishani, lakini Bibi Daktari alikuwa pale mbele yangu anauliza maswali, na kabla sijazunguka upande wa pili tukaambiwa tupande. Sanduku la dawa lilipochukuliwa stesheni, likawekwa kwenye kiti changu cha siku zote, nyuma ya dereva. Ikanibidi nikae nyuma ya Bibi Daktari. Nilichokiona mbele yangu ilikuwa kofia.

Tangu tulipotoka Bibi Daktari alianza kumuuliza mume wangu. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amefurahi tu, kama mtu aliyenunua redio anayetaka kuisikia. Petroli je? Mume wangu akamwambia robo tatu, na ilikuwa kweli, kwa sababu nilimwona akitumbukiza mwanzi wake kabla hatujaondoka. Maili je? Akasikiliza injini, akatupa jicho kwenye saa kubwa ya katikati, akasema thelathini. Bibi Daktari akachungulia, akasema vizuri sana. Tukavuka maji pale Makupa. Tukaingia mjini. Baiskeli, mikokoteni, askari wanavuka bila kutazama, na mimi nyuma ya kofia nasema Kirabai bila kupumua. Nilikuwa nimeshika sanduku la dawa chupa zisigongane.

Kwenye daraja la kuelea, lile la Nyali, tulisimamishwa. Malori ya jeshi yalikuwa yanavuka kutoka upande wetu kuja mjini, moja moja, polepole, na sisi tukawekwa kwenye foleni juani, injini inanguruma. Hapakuwa na upepo. Bibi Daktari alivua kofia ajipepee, na hapo, kwa mara ya kwanza, nikakiona kibao kipya uso kwa uso.

Nilisoma herufi zake kutoka kushoto. Ya kwanza ilikuwa ya chaji. Nikadhani nimekosea, nikasoma tena. Chaji, oili, maili, moto, petroli. Kila kitu kilikuwa kinyume. Ilinichukua muda mfupi kuelewa, na nilipoelewa nilihisi baridi kwenye jua lile: fundi alinionyesha mgongo. Alikuwa amesimama nyuma ya zile saa na mimi nimesimama naye, na kushoto kwa nyuma ndiko kulia kwa mbele. Mwanamke aliyesoma shule ya misheni, anayejua kwamba nguo ikigeuzwa mfuko unahamia upande wa pili, alikaa jioni zote zile akimfundisha mumewe ungo kinyume.

"Na moto?" Bibi Daktari akauliza.

Mume wangu akainamisha kichwa, akatazama ya pili kutoka kushoto kama nilivyomfundisha. Ilikuwa saa ya oili, na mshale wake ulikuwa umeshuka, kama unavyoshuka injini ikisimama mahali pamoja. "Uko chini, Bibi," akasema kwa furaha. "Injini imetulia."

Ya pili kutoka kulia, mshale wa moto ulikuwa umepanda karibu kufika mwisho.

Bibi Daktari aliacha kujipepea. Akamwambia atazame tena, kwa sauti ya taratibu ambayo sikuizoea kwake. Mume wangu akatazama palepale. Nilimwona mishipa ya shingo imesimama. Nikafanya nilichozoea kufanya: nikamwambia kwa Kirabai, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za watoto, kwamba ni ule wa upande wa pili, wa pili kutoka kulia, na umepanda.

"Samahani, Bibi," mume wangu akasema. "Umepanda. Uko juu."

Bibi Daktari hakuutazama mshale. Aligeuza shingo yake yote akanitazama mimi. Sijui alikumbuka nini wakati ule, labda soga zetu zote za safari zote, mtungi, mbuzi, baiskeli ya madafu. Uso wake ulikuwa unabadilika mbele yangu. Kisha akamgeukia mume wangu na kuweka kidole juu ya kioo kimoja.

"Hapa pameandikwa nini?"

Mume wangu aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nyuma yetu lori lilipiga honi. Alikaa vile muda mrefu, mgongo wake umejikunja, na mimi sikuweza kusema neno, kwa sababu lugha yetu ilikuwa imekwisha kujulikana. Kisha akanyooka. Akalitoa gari kwenye foleni polepole, akalisogeza kando penye mchanga, akazima injini, akafunga breki ya mkono. Alifanya yote hayo sawasawa.

"Sioni, Bibi," akasema.

Bibi Daktari akamuuliza tangu lini. Tangu mvua za mwaka jana. Akaniuliza mimi kama nilijua, nikamwambia nilijua. Nilingoja atukaripie, na ningalifurahi kama angalitukaripia, kwa sababu nilikuwa na majibu yangu tayari na hasira ya kuyasindikiza. Hakukaripia. Alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

"Lakini mimi ni daktari," akasema. "Mwaka mzima, mlango kwa mlango. Kwa nini hukuniambia?"

Mume wangu alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya usukani. "Najua wewe ni daktari, Bibi," akamjibu. "Lakini ndiwe tajiri wa gari, ndiwe uliyeniajiri. Ningemwambiaje daktari, tajiri asisikie?"

Bibi Daktari alishuka, akazunguka mbele ya gari mpaka kwenye mlango wa dereva, akamwambia mume wangu atazame juu. Pale pale kando ya daraja, askari wanatukodolea macho kutoka kwenye malori, alimvuta kope kwa kidole gumba na kumtazama jicho moja, kisha la pili. Akasema ni mtoto wa jicho. Akasema yako mambo yanayoweza kufanywa hospitali kisiwani, kwa jicho moja kwanza, wala si hakika, na kwamba yangefanywa kwa urahisi zaidi angeambiwa mapema. Kisha akanyoosha mkono wake, kiganja juu, na hakuhitaji kusema anataka nini. Mume wangu alichomoa ufunguo akampa.

Nilihisi nini? Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza kilichonijia ni nafuu, nafuu kubwa mpaka machozi yakanitoka. Hatutaua mtu. Mwanamke atakayeitwa kesho akilia nitamtazama yeye. Na mara ile ile niliona haya kwa nafuu hiyo, kwa sababu mwenye kuilipia alikuwa amekaa mbele yangu mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Baadaye walimpasua jicho la kulia, akapata kuona vya kutosha kupalilia na kusoma herufi kubwa. Chumba tuliachiwa mpaka mwisho wa mwaka. Usukani hakuushika tena maisha yake yote.

Lakini siku ile ilikuwa bado hatujafika nyumbani. Tulingoja injini ipoe, mume wangu akafungua rejeta kwa kitambaa na kuongeza maji, bila kuambiwa. Malori yalipokwisha, Bibi Daktari akakaa kwenye usukani. Mume wangu alisimama nje, akatazama kiti cha mbele kilichobaki wazi, ambacho si cha mtu kama yeye. Nikalishusha sanduku la dawa miguuni, nikamfungulia mlango wa nyuma. Akaingia, akakaa karibu nami. Miaka yote ile ya gari lile, hatukuwahi kukaa kiti kimoja.

Bibi Daktari hakuwa dereva mzuri. Alipiga gea kwa nguvu mpaka zikalia, akalipitisha gari kwenye mbao za daraja kwa vishindo, na mimi niliona mwili wa mume wangu ukishtuka kila gea ilipolia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga klachi isiyokuwapo. Tulipopanda upande wa Kisauni, injini ikawa inalalamika, mume wangu akanisogelea akaninong'oneza kwa Kirabai nimwambie Bibi Daktari atie gea ya tatu.

Sikumwambia. Nilimshika mume wangu mkono, mchana kweupe, mbele ya Mzungu na mbele ya watu wa njiani wanaotufahamu, jambo ambalo sisi hatulifanyi. Akajaribu kuutoa kwa haya. Niliukaza, na baada ya muda akauacha.